Nati ya Juu Haishiki Kitu

Ninyi mnaoshika spana siku hizi, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Nimezeeka, macho yangu hayaoni tena gololi ikidondoka kwenye vumbi, lakini masikio bado mazima. Juzi nilipita kibandani kwa mmoja wenu hapa Miyuji, nikamkuta amemaliza kufunga foko mpya ya shokapu, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwenye baiskeli ya mteja. Akainua gurudumu la mbele, akaliachia, likadunda. Akaniambia, "Mzee, hii imekaa." Nikamuuliza imekaa juu ya nini. Akacheka. Mimi sikucheka hata kidogo. Maana kudunda kwa namna hiyo hiyo, na neno hilo hilo, viliwahi kutupeleka mbio asubuhi moja, na nusura tuzike mtu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Sakalani, Mgogo wa hapa hapa, mfupi, mguu wa kulia umepinda tangu lori limkwaruze, mdomo mkali ajabu. Miaka ya uhaba alikuwa mfalme wa baiskeli mji huu. Spoku haipo dukani? Anakata waya, anaupinda, anaubana. Gololi hakuna? Atazichokonoa kwenye feni mbovu. Na tyubu iliyokufa haikutupwa, ilikatwa mikanda ya kufungia kila kitu, kuanzia mzigo wa mkaa mpaka tairi iliyochanika. Siwachekeshi. Watu walikwenda mbali kwa baiskeli zilizoshikwa na tyubu na dua.

Alikuwa na desturi yake. Baiskeli ikishapona, anainua gurudumu la mbele, analiachia, anasikiliza. Ikidunda bila kelele, anachukua mkanda mwembamba wa tyubu nyekundu, anauzungusha pale shingo ya usukani inapokutana na fremu, anaufunga fundo. Huo ndio ulikuwa muhuri wake. Ukiona baiskeli ina mkanda mwekundu shingoni, unajua imetoka kwa Sakalani na hutaisukuma kwa mkono mpaka mvua ijayo. Wateja walikataa kuondoka bila mkanda. Wengine walikuja kuuomba kwa baiskeli ambazo hata hatukuzitengeneza, akawafukuza kwa matusi.

Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa za nje. Jamani, vitu vilimwagika! Zile baiskeli nyeusi za Kichina tulizozijua kama viganja vyetu zikaanza kuchanganyika na kila aina ya kitu kilichoshuka kwenye kontena. Gia nyingi, breki zinazobana ubavuni, tairi nene zenye meno. Na foko zenye miguu inayozama ukiibonyeza, ndani ina springi na mipira ya kupunguza mtikisiko. Mara ya kwanza Mzee kuona foko ya namna hiyo aliibonyeza, ikazama, ikarudi. Akasonya.

"Hii imevunjika," akasema.

"Haijavunjika, Mzee. Imetengenezwa hivyo."

"Baiskeli inayozama ni baiskeli mgonjwa, Lameki. Usinifundishe kazi."

Lameki ndiye mimi. Baadaye nikaipata elimu yake kidogo. Alipita kijana mmoja wa kigeni aliyekuwa anazunguka nchi na baiskeli ya namna hiyo, usukani wake unacheza. Tulikaa naye chini kutwa nzima, yeye Kiswahili hajui, mimi kizungu cha kubabaisha, tukaifungua na kuifunga mpaka nikaelewa. Mzee alikuwa pembeni anakunywa chai yake na kutucheka.

Sasa sikilizeni nilichoelewa, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini tulikimbia. Kwenye baiskeli ya Kichina, foko inashikiliwa na nati kubwa ya juu. Ukiikaza ile, umemaliza, gololi zimebanwa, foko haiendi popote. Kwenye hizi mpya, juu pia kuna kifuniko na bolti yake, na macho ya fundi wa zamani yanakiona yanasema, "Aa, nakujua wewe." Thubutu! Humjui. Hiyo ya juu haishiki kitu. Kazi yake ni kuvuta foko ikae sawa na gololi, basi. Kinachoishika foko na kuufanya usukani uigeuze ni zile bolti mbili ndogo za ubavuni mwa shingo, kile kipande kinachounganisha usukani na foko. Ukiziacha hizo bila kukaza halafu ukaikaza ya juu mpaka ilie, baiskeli itasimama imara kabisa, itadunda bila kelele, utaipanda utazunguka uwanja mzima. Imejishika kwa kubanwa tu. Siku ikipata mtikisiko wa maana, wewe unageuza usukani huku, gurudumu linakwenda kule.

Mzee alikuwa na binti mmoja, Nyemo, muuguzi wa zahanati. Dada Nyemo kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo vijiji vya nyuma ya vilima, kasanduku ka baridi kamefungwa kwenye keria. Daktari mmoja mgeni alipokuwa anaondoka alimwachia baiskeli yake, nzuri, lakini foko yake ngumu kama mtaimbo. Na njia ile ni mawe matupu. Nilimsikia siku moja anamwambia baba yake, "Baba, nikifika mikono imekufa ganzi. Nashika sindano inatetemeka, na mtoto amenyooshewa mkono pale mbele yangu. Akina mama wanaona." Alilisema taratibu, lakini lilimuuma. Akamwandikia yule daktari, na daktari akatuma foko mpya ya shokapu pamoja na shingo yake, vyote ndani ya boksi.

Nyemo alikuwa na jambo moja lililomkera baba yake: kusalimia. Hawezi kumsalimia mtu mzima akiwa juu ya siti. Lazima ashuke, asimamishe baiskeli, apige goti, ndipo aanze. Na salamu ya Kigogo nyie mnaijua, au mmeshaisahau? Mbukwa, mbukwa, halafu wa nyumbani, watoto, mbuzi, uwele umeotaje, yule aliyekuwa anaumwa je. Mzee alikuwa anapandisha hasira: "Mtoto gani huyu! Chanjo itayeyuka anauliza habari za mbuzi!" Kila siku anachelewa, kila siku wanagombana.

Foko ilipokaribia kufika nilimwambia Mzee anisubiri tuifunge pamoja. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nikusubiri wewe? Nani alimshikisha mwenzake spana?"

"Ni wewe, Mzee."

"Basi. Baiskeli ya mwanangu naifunga mwenyewe."

Ikatokea msiba kijijini Zuzu, nikaenda kuzika. Niliporudi asubuhi ya pili yake nikapitiliza kazini moja kwa moja. Mzee amekaa kwenye kigoda chake, amevaa shati safi, uso unang'aa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Poleni na msiba. Umechelewa, bwana mkubwa. Nyemo ameshaondoka na foko yake. Imara! Nimeidundisha mwenyewe, haikutoa hata sauti."

Boksi lilikuwa juu ya meza. Nikachungulia ndani kwa hamu tu, nione vilivyobaki. Nikakuta kafuko ka nailoni, na ndani yake kale kaspana kembamba kalikopinda, ka pembe sita, ka kukazia zile bolti za ubavuni. Kafuko kalikuwa hakajachanwa. Na mle kibandani hatukuwa na kengine ka saizi hiyo, tulikuwa na kubwa moja tu.

Nikakainua kale kafuko. Nikamwonyesha.

"Mzee, bolti za ubavuni ulizikaza na nini?"

"Zipi?"

"Hizi za shingo. Mbili, ndogo."

"Hizo za mapambo? Nilizizungusha kwa vidole zikakaa. Nati ya juu ndiyo nimeikaza, kwa ile spana kubwa, mpaka imelia."

"Amekwenda njia gani?"

"Njia ya korongoni. Leo ana kliniki kule. Lameki, una nini?"

Ile njia inapanda taratibu, inakata vichaka vya miiba, halafu ghafla inaporomoka kwenye mteremko wa mawe mpaka korongoni. Wengi hukokota pale. Nyemo hakokoti. Tangu apate baiskeli yenye breki za kushika alikuwa anateremka amesimama juu ya pedeli, kama yuko peke yake duniani. Mwendesha mkokoteni mmoja alikuwa amevunjika nyonga hapo hapo, na yeye alikuwa anatembea kwa miguu.

Nikavuta baiskeli yangu nyeusi, spana zote mbili, ile kubwa na kale kembamba, mfukoni. Nikasikia keria inalia, Mzee ameshaipanda, mguu mbovu ameunyoosha pembeni.

"Twende," anasema. "Nataka nikuone ukiaibika."

Nawaambia, sijawahi kuendesha vile. Mzee huyu mgongoni ananisukuma kwa maneno. "Nimefunga baiskeli wewe hujazaliwa! Nati ya juu ndiyo mama wa foko!" Mimi sina pumzi ya kumjibu. Jasho linaingia machoni, miiba inatuchapa, nawaza tu ule mteremko. Nikajaribu kumweleza kwa neno moja moja, kila pedeli neno moja: ya juu, inavuta, haishiki. Akaniambia nifunge mdomo niangalie njia.

Tulipofika kwenye mchanga, zile tairi za meno za Nyemo zilikuwa zimeacha alama safi. Mzee amekua akichunga ng'ombe, alama ardhini anaisoma tangu utotoni. Nikasikia keria inalia nyuma yangu. Halafu akanipiga bega.

"Punguza."

Nikapunguza. Ameinama kutoka kwenye keria, anatazama chini. Alama ya tairi la nyuma inakwenda sawa. Ya mbele inatoka kushoto, inarudishwa. Inatoka tena, inarudishwa. Nyemo alikuwa anapigana na usukani bila kujua anapigana na nini. Labda alidhani ni mchanga.

"Mungu wangu," akasema Mzee, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Haishiki. Lameki, haishiki. Kanyaga, mwanangu. Kanyaga!"

Ndiyo mara ya kwanza aliniita mwanangu. Nilikanyaga mpaka mnyororo ukaanza kuruka meno. Mzee akaanza kuita, "Nyemo! Nyemoo!" na upepo ulikuwa unatupiga usoni, sauti inarudi nyuma yetu, haiendi mbele hata hatua kumi. Kichaka kikaisha. Mbele ni kilele cha mteremko, na pale juu hakuna mtu. Nikajua ameshateremka.

Tukapinda jiwe kubwa moja kando ya njia, na hapo ndipo tukamwona. Baiskeli imeegemezwa kwenye mti mkavu. Nyemo amepiga goti moja vumbini, amemshika mkono bibi kizee mmoja aliyetua mzigo wake wa kuni, na bibi anasema, anasema, anasema. Nilisikia neno mbuzi. Wako katikati ya habari za mbuzi.

Breki zangu zenyewe zilikuwa za kuombea dua. Nikakanyaga chini kwa miguu miwili, baiskeli ikapinda, Mzee akadondoka kwenye miiba kama gunia. Hakulalamika. Aliinuka akichechemea, akaenda akaikamata ile baiskeli ya binti yake kwa mikono yote miwili.

"Baba! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," akasema. "Kaa mbali na hii."

Sasa kipimo hiki mkishike, ninyi vijana. Nilisimama mbele, nikalibana gurudumu la mbele katikati ya magoti, nikaushika usukani, nikageuza. Usukani ukageuka. Gurudumu likabaki limenyooka magotini mwangu, halina habari. Sikutumia hata nguvu.

Nyemo alitazama usukani, akatazama mteremko, akakaa chini. Yule bibi, ambaye hajui baiskeli wala shokapu, alishika kifua akasema "Yeyee!" Mzee alikuwa bado ameikamata baiskeli. Nami naogopa kumtazama, maana mtu mzima akiaibika mbele ya mwanawe huwezi kujua atakugeukia vipi.

Bolti zenyewe hazikuonekana. Alikuwa amezifunika kwa mkanda wake mwekundu, fundo zuri, limekazwa. Nikatoa kisu. Akanishika mkono.

"Nipe mimi."

Akakata mkanda wake mwenyewe. Ukadondoka kwenye mawe. Kisha akachuchumaa kwa shida, ule mguu umenyooka mbele, akaniambia, "Nielekeze. Taratibu. Nataka nikaze mwenyewe, na wewe usiniache nikosee."

Nikamwelekeza. Legeza kwanza ya juu, kabisa. Sasa irudishe kidogo kidogo, usukani ugeuke laini. Kamata breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma, weka kidole pale kikombe cha gololi kinapokutana na foko. Kidole kikisikia mchezo, ongeza kidogo. Kikisikia kimya, acha hapo hapo, usitafute sifa. Nyoosha usukani na gurudumu. Ndipo uende ubavuni: huyu kidogo, mwenzake kidogo, rudi kwa huyu, mpaka wote wawili washike sawa. Spana ilikuwa inateleza, lakini hakuiachia. Alipomaliza tukalibana gurudumu tena, safari hii yeye ndiye kageuza. Akageuza kwa hasira, kwa uzito wake wote. Vikaenda pamoja.

Kulikuwa na jambo la pili. Ile miguu ya foko ina vifuniko juu vya kuzungusha kwa mkono, kuongeza au kupunguza ugumu. Mzee alikuwa amevizungusha mpaka mwisho, isizame. Foko mpya kabisa, ngumu kama ya zamani, na mikono ya Nyemo ingefika imekufa ganzi vile vile. Nikachukua kipande cha ule mkanda mwekundu, nikakifunga kama pete kwenye mguu wa foko, chini kabisa pale unapoanza kuzama. Nikamwambia Nyemo apande na sanduku lake, akae kama anavyokaa siku zote, ashuke polepole. Ile pete husukumwa juu kadiri foko inavyozama, inakuonyesha ukweli. Haikusogea. Tukalegeza vifuniko, vyote viwili sawasawa, akapanda tena, mpaka pete ikapanda kama robo ya njia.

"Mgonjwa amezama," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri.

Mzee akanitazama. "Nyamaza," akasema, lakini macho yalikuwa yana maji.

Nyemo akainuka kuishika baiskeli. Baba yake akakataa.

"Hapana. Naanza mimi."

"Baba, mguu!"

"Nilikukabidhi hii baiskeli nikakwambia imara. Sitakwambia tena kwa mdomo."

Alikuwa hajapanda baiskeli tangu lile lori. Tukambishia, bibi naye akatusaidia kubisha, wapi! Akauvusha mguu mbovu kwa kuuinua kwa mkono, akakaa, akajiachia. Nilitaka kufumba macho nikashindwa. Foko inazama na kuinuka, mawe yanaruka pembeni, kiwiko kimoja kimetoka nje. Katikati ya mteremko gurudumu la mbele likapanda jiwe, Nyemo akanikamata shati. Likashuka upande wa pili, limenyooka. Akafika chini kwenye mchanga, akafunga breki, akasimama kwa mguu mzima. Alikaa pale ameinamisha kichwa kwenye usukani, muda mrefu kidogo. Kisha akaanza kuikokota kupanda juu. Nikashuka kumpokea, akanikatalia, akaifikisha mwenyewe.

Hakufunga mkanda mwingine. Alimkabidhi binti yake usukani, akamfuta vumbi la goti, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

"Nenda," akasema. "Utachelewa."

Nyemo akamuaga bibi, akateremka. Salama, laini kabisa. Akavuka korongo, akaanza kushika njia ya upande wa pili. Kule mbele akatokea mzee mmoja na mbuzi wake wachache. Tukamwona Nyemo anasimama, anashuka kwenye siti, anaegemeza baiskeli, anapiga goti.

Nikamtazama Mzee Sakalani, nikisubiri asonye kama kawaida yake. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mguu ameunyoosha, anautazama ule mkono wa binti yake ulioshikwa na mchunga mbuzi kule ng'ambo.

"Mwache," akasema. "Mwache aulize mpaka mbuzi wa mwisho."